Kwani lazima twende Watamu kama Wazungu?

Chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mtaa wa Donholm hapa Nairobi, kina wanawake kumi na mmoja na Desemba iliyopita tulikuwa twende Watamu. Safari ikafa kile kifo cha kawaida cha mipango ya chama. Wawili hawakuwa wamemaliza kulipa mkopo, mmoja akafiwa na mjomba, na ile nyumba tuliyoiona kwa simu mwezi wa tisa, tulipoirudia Desemba ikawa imepanda karibu mara tatu, nyumba ni ile ile, vitanda ni vile vile, hata picha ya paka amelala kwa baraza haikuwa imebadilishwa. Mweka hazina akasema yeye hiyo pesa haitoi. Tukaahirisha, tukaahirisha tena, mwisho tukajikuta tunaenda Mei, katikati ya masika, na mtaa mzima ukatucheka. Nani anaenda Coast mvua ikinyesha? Mnaenda kuoga na bahari ama na mvua?

Tulienda, tukarudi, na kuna jambo limenikaa kwa kichwa tangu siku hiyo. Mtu wa Nairobi akienda pwani ana vitu viwili ambavyo Mwitaliano, yule mtalii aliyezoeleka Watamu, hana. Cha kwanza, anaweza kwenda mwezi wowote anaotaka, hangoji visa wala ndege ya watalii ianze kuruka, anafunga begi Ijumaa jioni na Jumamosi yuko na miguu mchangani. Cha pili, anajua Kiswahili. Halafu anafanya nini? Anavitupa vyote viwili. Anaenda Desemba na Pasaka pekee, siku ambazo kila kitu kimepanda bei, na akifika anajifungia ndani ya ukuta anaagiza pizza na kuongea Kiingereza na mhudumu wa Kigiriama ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha huyo mteja mara kumi. Yaani tunalipa pesa nyingi ili tuwe wageni kwetu.

Kwa wale hawajafika, Watamu ni mji mdogo wa Kaunti ya Kilifi, zaidi ya kilomita 100 kidogo kaskazini ya Mombasa, unafuata barabara ya Malindi mpaka Gede halafu unakata kulia kuelekea baharini. Jina lenyewe wenyeji wanasimulia limetoka kwa watu watamu, na sina sababu ya kubishana nao. Treni ya SGR tangu ianze 2017 imefanya hii safari iwe rahisi, hata baada ya nauli ya daraja la kawaida kupandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, isipokuwa treni inakushusha Miritini, na kutoka Miritini mpaka Watamu bado una safari nzima ndani ya safari. Kuna jam ya Mtwapa, kuna mashamba ya mkonge ya Vipingo, kuna mibuyu imesimama kama watu waliokasirika, halafu daraja la Kilifi, ambalo kabla halijafunguliwa 1991 watu walikuwa wanavuka kwa feri. Sisi treni ilikuwa imejaa tukachukua basi la usiku, jina nitaliacha, kiyoyozi kikazima Mtito Andei na konda akatuambia tufungue madirisha, na madirisha yenyewe si ya kufunguka.

Tukafika nyumbani kwetu pa kukodi saa nne asubuhi. Picha kwa simu ilikuwa inaonyesha maji yamefika kwa ngazi. Tukapita sebuleni mbio, tukafungua mlango wa nyuma, bahari hakuna. Kulikuwa na mchanga, mawe, madimbwi, na mbali huko kitu cha rangi ya fedha ambacho pengine ni maji. Mmoja wetu alikuwa amekuja na binti yake wa miaka sita, mtoto akauliza, "Mami, bahari imeenda wapi?" na mweka hazina tayari ameshika simu anatafuta namba ya mwenye nyumba, anataka kurudishiwa pesa. Mzee mmoja alikuwa anapita na ndoo ya pweza, akasimama akatuangalia vile tumesimama.

"Imepwa, mama zangu. Leo bamvua. Ngojeni alasiri itakuja yenyewe, hii haiitwi kwa simu."

Hapo ndio shule ilianza. Yule mzee, ambaye baadaye ndiye alikuwa kapteni wetu wa mashua, alituelezea kitu ambacho mimi na digrii yangu sikuwahi kukijua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanakuwa na nguvu, yanajaa sana na kupwa sana, hiyo ndio bamvua, na pwani yetu tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Katikati ya hizo siku ni maji mafu, hayaendi mbali na hayaji karibu sana. Na saa hazibadiliki ovyo. Wakati wa bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanapwa kwenye saa nne hivi, kwa hivyo ukifika asubuhi ya mwezi mpevu umevaa suti ya kuogelea utakuta uwanja wa mpira. Wiki ya maji mafu inakuwa kinyume, asubuhi ndio pamejaa. Hii habari haiko kwa tangazo lolote la nyumba nililowahi kuliona na sijawahi kumsikia Mnairobi akiuliza, tunauliza kama kuna Wi-Fi na kama pul ni ya peke yetu. Lakini mtoto yeyote wa Watamu anaijua, unamuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswahili, bure.

Kupwa kwenyewe kuna raha zake. Yale mafungu ya mchanga yanatokea mdomoni mwa hori la Mida, ule mkono wa bahari unaoingia bara, unashushwa na mashua unatembea juu ya mchanga mweupe katikati ya bahari, masaa machache tu halafu panazama tena. Sasa hapo mahali panaitwaje? Sardegna Due. Sardegna ya pili, ya kwanza iko kwao Italia. Na ukienda mbele kidogo kuelekea Malindi kuna Mayungu, ambayo sisi wenyewe Wakenya, bila kulazimishwa na mtu, tumeibatiza Maldives ya Kenya. Mwitaliano namwelewa, alikuwa mbali na kwao akakumbuka kwao. Sisi tunakumbuka wapi?

Waitaliano hawakuangukia pale tu kutoka mbinguni. Miaka ya sitini nchi yao ilijenga kituo cha kurushia roketi Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na kutoka kwa jukwaa lao la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei kabisa, ikarushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kuchunguza miale ya eksrei huko angani. Nilipowaambia chama hiyo stori hakuna aliyeniamini mpaka wakagugo. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wa kujenga nyumba na kufungua mikahawa, na leo kijana wa ufuoni Watamu ambaye hajafika hata Voi anaongea Kiitaliano kinachotiririka. Mmoja alitukimbilia na "Ciao belle!" halafu akatuangalia vizuri, akapunguza mwendo, akasema, "Ah, pole. Niaje Nairobi." Hiyo pole yake niliifikiria sana. Alikuwa ameona biashara imekuwa ndogo.

Na alikuwa na haki ya kuona hivyo, maana mji wa namna hii unaishi kwa kalenda ya watu wengine. Wageni wa mbali wanajaa kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma na bahari ikiwa safi, wanarudi tena kidogo Agosti. Aprili mvua inaanza, kusi inaingia, na Mei na Juni hoteli kadhaa zinafunga kabisa, wafanyakazi wanaambiwa tutawaita. Sisi tulikuta mama mmoja anakaanga viazi karai kando ya barabara, viazi vyake na chachandu ya ukwaju ndio chakula bora nilichokula hiyo safari na nilikula kila siku, akatuambia yeye kazi yake haswa ni dobi wa hoteli, karai ni ya miezi ya kufungwa tu. Hakusema kwa huzuni, alisema vile mtu anasema leo ni Jumanne.

Ukiachilia mbali msimu kuna mishtuko. Baada ya uchaguzi wa 2007 nchi ilipoungua wageni walihepa. Mei 2014 Uingereza ilitoa tahadhari ya usalama juu ya Mombasa na vitongoji vyake, kampuni za watalii zikawapandisha Waingereza ndege kuwarudisha kwao likizo haijaisha, na hofu ikasambaa pwani yote hata mahali ambapo tahadhari yenyewe haikupataja. Halafu ikaja 2020. Na hapo ndio jambo la kufurahisha lilitokea, maana Julai ya mwaka huo marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa ilipoondolewa, waliokuja kwanza si Milan wala London. Ni sisi, tumechoka na sebule zetu, na barakoa kwenye kidevu. Bei zikashuka, wenye hoteli wakagundua kuna mtu anaitwa Mkenya. Sasa unatarajia hilo somo lingekaa. Halikukaa. Wageni walirudi, bei zikarudi, na sisi pia tukarudi kwa tabia yetu ya kubanana Desemba, tukijaza mji wiki mbili mpaka maji ya mfereji yanaisha kisha tunauacha hoi miezi ya njaa ambayo sisi ndio tungeweza kuijaza.

Najua jibu, watoto wako shule. Sawa, Mei wako shule. Lakini Aprili wanafunga wiki kadhaa, na Pasaka ikishapita tu bei zinaanguka na mji unakuwa mweupe, na Nairobi tunashinda Aprili nzima tumepeleka watoto kwa michezo ya kubembea ya mall halafu tunalalamika maisha ni ghali.

Nisidanganye mtu, Mei si paradiso. Siku mbili za kwanza ilinyesha mpaka tukacheza karata, mwani ulikuwa umetupwa ufuoni kwa marundo na una harufu, na upande wa wazi bahari ilikuwa imechafuka kapteni akakataa katakata kutupeleka kwa matumbawe. Tulibembeleza, tukaongeza pesa, akasema pesa haijui kuogelea. Siku ya tatu ikatulia tukaenda. Hiyo sehemu ni Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iko tangu 1968, yeye na dada yake wa Malindi ni kati ya hifadhi za bahari za kwanza kabisa Afrika, ndio maana bado kuna samaki wa kuangalia. Mashua zina kioo chini, ada unalipia kwa simu kabla. Niliona watu wa kundi lingine, na niseme tu walikuwa wa kwetu, wanaokota viti vya pweza, yaani starfish, wale wa mikono mitano wekundu, wanawaweka kwa kichwa wanapiga picha, mmoja anapita mkono hadi mkono watu nane. Yule mnyama anapumulia maji jamani. Kapteni wetu hakuwagombeza, aliangalia upande ule mwingine, na mimi sikusema kitu pia, kwa hivyo sina mdomo mrefu hapa.

Sasa nije Gede, maana hapa ndio Kiswahili kilitulipa. Magofu ya Gede yako kilomita chache tu kutoka ufuoni, na watu wengi wa Nairobi ninaowajua wamelala Watamu mara tatu nne bila kuingia, ama waliingia dakika arubaini wakapiga picha na kima wakaenda kula. Huu ulikuwa mji wa Waswahili, wenye ukuta wa nje na ukuta wa ndani, msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye vyoo na mahali pa kunawia ndani ya nyumba, na kuna kaburi limeandikwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Ulilindwa kama mnara wa taifa kuanzia 1927, James Kirkman akaanza kuuchimba 1948, akatoa vyombo vya kaure vya China na shanga za Venisi na nyumba nyingine zikapewa majina kulingana na kilichopatikana ndani, kuna nyumba ya mkasi, kuna ya sarafu ya Kichina. Mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwa orodha ya urithi wa dunia. Na karibu karne ya 17 watu walikuwa wameshauacha. Kwa nini, wataalamu wanabishana, wengine wanasema uvamizi, wengine vita vya wakati wa Wareno, na kuna hii ya maji, kwamba visima vilikauka, kwa sababu kuna kisima karibu na msikiti kinaonekana kiliongezwa kina, mtu akifuata maji yanayoteremka.

Mwongozaji wetu alianza na Kiingereza, ile hotuba yake ya kawaida, unaona kabisa ameisema mara elfu. Mmoja wetu akamkatiza akamwambia, kaka, tuambie kwa Kiswahili. Alinyamaza kidogo. Halafu yule mtu alibadilika, mabega yalishuka, akaanza upya mlangoni. Hapa palipo na viti vya mawe mbele ya mlango ni daka, mgeni ambaye si wa kuingia ndani anaishia hapa. Huu uwanja wa katikati usio na paa unaitwa kiwanda, na kumi na moja sisi tukaangaliana, kwetu kiwanda ni Industrial Area, moshi na geti. Hivi vishimo vya ukutani ni zidaka, vya kuwekea taa na vyombo vya kaure, ni urembo wa mwenye nyumba kujionyesha. Hiyo ziara ilichukua karibu masaa matatu na hakuna aliyetaka chakula. Nilikuwa nafikiria vile Mwingereza alikuja akaipa hii nyumba jina kutokana na mkasi aliouokota, na jina la kila chumba lilikuwa liko tayari, midomoni mwa watu, kwa lugha ambayo mimi naiongea kila siku na sijui nyumba yake imepangwaje. Mgeni wa Milan hata akilipa vipi hiyo hotuba ya pili hawezi kuipata. Sisi tunayo haki yake na hatuidai.

Ng'ambo ya barabara kuu kuna msitu, Arabuko-Sokoke, kama kilomita mraba 420, kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Kuna bundi mdogo wa huko anayetosha kwa kiganja, watu wanapanda ndege kutoka bara lingine kuja kumtafuta usiku na tochi. Kuna sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu, pua ndefu, ukubwa wa sungura mdogo, ambaye makao yake duniani karibu yote ni hapo tu. Tulimwona sekunde mbili akikata njia na tukapiga kelele kama tumeona simba. Lakini kilichonigusa zaidi ni mradi wa Kipepeo, uko kwenye uwanja wa magofu pale Gede, ulianza 1993 wakati wakulima wengi wa pembeni ya msitu hawakuona faida yake, walitaka mashamba, na kusema kweli tembo na nyani walikuwa wanawamaliza. Mradi ukawafundisha kufuga vipepeo, wanakamata wachache msituni, wanawazalisha, buu akishajifunga anauzwa nje kwa bustani za vipepeo Ulaya na Marekani. Mabuu yanasafiri kwa ndege haraka kabla hayajapasuka. Msitu ukiisha vipepeo wanaisha, hesabu inajieleza yenyewe bila semina.

Mida tulipita asubuhi moja, mikoko na daraja la mbao la kutembelea, wale ndege wahamiaji wa kutoka kaskazini ya dunia wanaofanya pajulikane walikuwa wameondoka tangu Aprili, hata wao ni wa sizoni. Dabaso kuna kikundi cha wenyeji wanaotunza mikoko wamejenga mkahawa wa mbao juu ya maji, mwagize samosa za kaa, msiniulize ngapi tulikula.

Kuna jambo moja zito kidogo ambalo mtu wa likizo halioni mpaka atembee kwa miguu. Kutoka barabara ya Watamu kwenda ufuoni unapita kuta. Ukuta, geti, ukuta, geti, maua mazuri juu yake, halafu kichochoro cha upana wa ng'ombe mmoja, halafu ukuta. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hivyo ufuo ni wako na wangu na wa yule mama wa viazi, shida ni njia ya kuufikia. Na hizo kuta zina historia ndefu, maana sheria ya hati za ardhi ya 1908 ya wakoloni ilimtaka kila mtu wa ukanda wa pwani alete madai yake yaandikwe, wenye kujua karatasi wakaandikisha, Wamijikenda wengi ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na si ya karatasi wakabaki nje, ikawa ya serikali, na wajukuu wao mpaka leo wanaitwa maskwota mahali babu alizikwa. Mgeni wa nje kikatiba hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kukodishwa miaka 99. Lakini tusijifiche nyuma ya Waitaliano, kuta nyingi mpya ni zetu, za watu wa Nairobi, apatimenti za kukodisha kwa simu, mwenyewe anakaa Kileleshwa na pesa ya wageni inaingia kwa simu yake Kileleshwa. Ile nyumba ya paka kwa baraza pia. Tuliilipa Nairobi, ikabaki Nairobi, Watamu ilipata mshahara wa mlinzi.

Nimeambiwa na rafiki yangu anayefanya kazi ya hoteli kwamba naongea tu, kwamba viazi karai haviwezi kulipa karo, ajira ya kweli ni hizo hoteli kubwa na bila mgeni wa kulipa kwa yuro hakuna kitu. Ana haki, yule dobi ni ushahidi wake. Hata sisi hatuwezi kujaza vitanda vyote. Ninachobisha ni hii dhana kwamba Mnairobi akija lazima awe mgeni wa yuro wa daraja la pili, mwezi ule ule, kwa bei ya kuumia, na salamu ya pole. Sisi Mei tulilala siku tano kwa pesa ambayo Desemba ingetosha moja na nusu, na tofauti yake iliishia kwa mashua, kwa mwongozaji, kwa kaa, kwa tuktuk, kwa mahamri na mbaazi ya asubuhi ya mama jirani ambaye siku ya pili alikuwa anatuita kwa majina. Kuitwa wabara tuliitwa pia, na bei ya mbara tulitajiwa, hilo halikwepeki, lakini ukisalimia kwanza vizuri, shikamoo kwa anayestahili, ukauliza habari ya nyumbani kabla ya kuuliza bei, bei inalegea yenyewe. Nairobi tumezoea kuanza na "hii ni how much."

Juzi kapteni amenitumia meseji. Anasema bamvua ijayo ni mwezi mpevu, mkija fungu la Mida muwe ufuoni saa tatu na nusu, na anamsalimia mtoto aliyetafuta bahari. Nimeipeleka kwa grupu ya chama pamoja na hoja kwamba tuweke safari ya Aprili. Tisa wamesoma wakanyamaza, mweka hazina ameuliza kama nyumba ina Wi-Fi.